Mitaro, Mabomba na Kura: Tunachojifunza kwa Mameya wa Milwaukee

Hii ni mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa chama. Wengi mliniomba niiweke kwa maandishi, kwa hiyo nimeiacha karibu kama nilivyoizungumza.



Najua mmekaa kwenye viti hivi tangu asubuhi, sitazunguka. Kuna hoja inatembea kwenye magrupu yetu, na wanaoitoa si wajinga, wengine ni marafiki zangu wa karibu. Wanasema kugombea udiwani na umeya ni kupoteza nguvu. Meya wetu hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, anachaguliwa na madiwani. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Pesa nyingi zinatoka juu. Sasa ukishinda halmashauri, umeshinda nini hasa? Tuweke nguvu zote kwenye kura ya juu, huko chini tutapanga baadaye.

Mimi nakataa hoja hiyo. Lakini sitaki kuikataa kwa kelele, nataka kuikataa kwa historia. Na nimechagua mfano wa mbali makusudi, mahali ambapo humu ndani hakuna mwenye shangazi wala mjomba, ili tuangalie mambo bila kupandisha jazba. Nawapeleka Milwaukee, Marekani.

Milwaukee ni jiji la kati, halimo kwenye midomo ya watu kama New York au Chicago. Lipo jimbo la Wisconsin, ufukweni mwa Ziwa Michigan, kama kilomita 150 kaskazini mwa Chicago. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 577,222. Lilijulikana kwa viwanda vya bia na vya mashine, na kwa wahamiaji wa Kijerumani na Kipolandi. Lakini sisi linatuhusu kwa jambo moja: katika nchi ambayo vyama viwili vimekamata kila kitu, jiji hili lilichagua mameya watatu kutoka chama cha tatu, chama cha Kisoshalisti. Ukijumlisha miaka yao inafika 38. Tujiulize waliwezaje, na tujiulize pia kwa nini leo hawapo.

Jiji lilianza na ugomvi

Ardhi ile ilikuwa ya wenyeji, wakiwemo Wapotawatomi, ambao walilazimika kuiachia kwa mkataba wa Chicago wa mwaka 1833. Baada ya hapo walanguzi wa viwanja wakaingia. Upande wa mashariki wa mto alikaa Solomon Juneau, mfanyabiashara wa manyoya mwenye asili ya Kanada. Upande wa magharibi akakaa Byron Kilbourn, mpima ardhi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa na mto tu katikati yao. Kilbourn alipanga barabara zake makusudi zisikutane na zile za Juneau. Mwaka 1845 watu wa pande hizo wakafikia kubomoleana madaraja. Mpaka leo, ukivuka mto katikati ya Milwaukee, madaraja yamekaa kimshazari kwa sababu barabara hazitazamani. Ugomvi wa watu wawili unalipiwa na wapita njia karibu miaka mia mbili baadaye.

Mwaka 1846 wakaungana kuwa jiji moja, Juneau akawa meya wa kwanza. Kilbourn naye akawa meya mwaka 1848, na tena 1854. Huyu Kilbourn baadaye ndiye aliyekuwa kinara wa kampuni ya reli iliyohonga gavana na wabunge wa jimbo kwa hati za dhamana ili ipewe ardhi ya umma. Kashfa ilianikwa mwaka 1858. Wakulima waliokuwa wameweka rehani mashamba yao wapate hisa za reli wakaachwa mikono mitupu.

Naitaja hiyo kwa sababu inaonyesha umeya ulikuwa ni nini kwa miaka mingi: ngazi ya wenye viwanja na wenye makampuni. Ukiruka hadi mwaka 1898 unamkuta meya David Rose, mwanasheria, mzungumzaji hodari, mtu wa bata kweli kweli. Wakati wake kampuni ya tramu iliongezewa mkataba wa zaidi ya miaka 30, wananchi wakapiga kelele, baraza likapitisha. Mwendesha mashitaka kijana aitwaye Francis McGovern akaanza kupeleka maofisa na madiwani mahakamani kwa rushwa, kesi moja baada ya nyingine. McGovern akapanda mpaka akawa gavana. Rose mwenyewe hakufungwa, na mwaka 1908 alirudi kwenye kiti. Yaani watu walijua, na bado wakamrudisha. Ufisadi peke yake hauangushi serikali. Lazima awepo mtu mwingine ambaye mpiga kura anaamini ataweza kazi.

Mchonga mbao anaingia ofisini

Mtu huyo mwingine alipatikana mwaka 1910. Emil Seidel, fundi wa kuchonga mbao, alishinda kwa kura zaidi ya 27,000 dhidi ya wagombea wa Democrats na Republican waliogawana zilizobaki. Akawa msoshalisti wa kwanza kuongoza jiji kubwa la Marekani. Chama chake kikapata pia wingi wa madiwani na nafasi ya mwanasheria wa jiji, na mwaka huohuo Victor Berger wa Milwaukee akawa msoshalisti wa kwanza kuingia Bunge la Marekani.

Haikuwa bahati. Walikuwa na kikosi cha kugawa vipeperushi. Wanachama waliamka alfajiri ya Jumapili, kila mmoja na mitaa yake, wakaacha karatasi kwenye kila mlango, na ilikuwa kwa lugha inayosomwa nyumba hiyo: Kijerumani, Kipolandi au Kiingereza. Ndani ya siku mbili wangeweza kufikia jiji zima. Kwa miguu, jamani, bila bando.

Seidel alikaa miaka miwili tu. Aliunda idara ya kwanza ya kazi za umma ya jiji, akaweka siku ya kazi ya saa nane kwa wafanyakazi wa jiji, akamwita mwanauchumi wa chuo kikuu, John R. Commons, aje kukagua jinsi jiji linavyotumia fedha. Katibu wake alikuwa kijana aitwaye Carl Sandburg, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi mashuhuri.

Halafu mwaka 1912 Democrats na Republican, mahasimu wa siku zote, wakaungana. Wakasimamisha mgombea mmoja, daktari Gerhard Bading. Seidel alipata zaidi ya kura 30,000, yaani nyingi kuliko za 1910, na bado akaanguka, maana Bading alipata zaidi ya 43,000. Mwaka huohuo Bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba uchaguzi wa miji usiwe na majina ya vyama kwenye karatasi ya kura.

Wanasheria wenzangu mliomo humu, hapa simameni kidogo. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyefungiwa ofisi. Walibadilisha kanuni za mchezo kihalali kabisa, kwa kura bungeni. Kanuni yenyewe ilionekana nzuri: eti tuondoe siasa kwenye mambo ya takataka na maji. Kila tukisoma muswada wa sheria ya uchaguzi tusiishie kuuliza kama unasikika vizuri. Tuulize nani anaumia ukianza kufanya kazi.

Mwanasheria wa jiji aliyegeuka meya

Yule mwanasheria wa jiji aliyeingia pamoja na Seidel hakuanguka. Aliitwa Daniel Hoan. Alishafanya kazi ya upishi kabla ya kupata sheria yake, na alichaguliwa akiwa na miaka 29. Wakati wenzake wameondolewa, yeye aliendelea kubanana na kampuni ya tramu. Mkataba uliitaka kampuni itunze barabara katikati ya reli zake. Kampuni haikutaka kugharamia lami. Shauri la lami hiyo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1920 jiji likashinda. Hebu fikirieni: majaji wa juu kabisa wa nchi wanaamua nani atalipia kipande cha barabara cha Milwaukee! Mtu akiniambia sheria za halmashauri ni sheria ndogo, namkumbusha kesi hiyo.

Mwaka 1916 Hoan aligombea umeya akashinda. Akashinda tena na tena, mara saba kwa jumla, akakaa miaka 24 mpaka 1940. Na hapa ndipo ninapotaka wale ndugu zangu wa hoja ya kwanza wanisikilize vizuri: katika miaka yote hiyo chama chake hakikuwahi kupata tena wingi kwenye baraza la madiwani. Bunge la jimbo halikuwa lake. Serikali kuu haikuwa yake. Alipoanza, nchi ilikuwa inaelekea vitani, na chama chake kilipinga vita. Gazeti la chama likanyang'anywa haki ya kutumwa kwa posta kwa bei ya magazeti, na mwaka 1921 Mahakama ya Juu ikaunga mkono hatua hiyo. Berger akachaguliwa kwenda Bungeni, akahukumiwa kifungo kwa sheria ya ujasusi, Bunge likakataa kumwapisha, wananchi wakamchagua tena, likakataa tena. Hukumu yake ilifutwa mwaka 1921 kwa sababu jaji aliyemhukumu alipaswa kujitoa kwa upendeleo. Hayo ndiyo mazingira.

Sasa mtu wa namna hiyo, asiye na wingi, alitawalaje? Alifanya vitu ambavyo diwani wa upinzani angeona aibu kuvipinga mbele ya wapiga kura wake. Maji safi. Mtambo mkubwa wa kusafisha maji taka katika eneo la Jones Island, ulioanza kazi mwaka 1925, ambao tope lake lililokaushwa linauzwa kama mbolea mpaka leo. Chanjo na ukaguzi wa vyakula. Miaka ya 1930 Milwaukee ilishinda mara kadhaa mashindano ya kitaifa ya afya za miji. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 jiji lilishiriki kujenga karibu nyumba 100 za ushirika kwa wafanyakazi. Hoan alichukia mikopo ya riba, akasukuma mpango wa kulipa madeni kidogo kidogo. Mwaka 1943, miaka mitatu baada ya yeye kuondoka, jiji lilikuwa halidaiwi.

Na hakuuza msimamo. Mwaka 1919 alitakiwa amwalike mfalme wa Ubelgiji, nchi iliyokuwa inatawala Kongo wakati huo. Akakataa: yeye anasimama na mtu anayefanya kazi, si na wafalme.

Wenzake wa chama huko New York walimcheka. Kwenye mkutano mkuu wa 1932, uliofanyika Milwaukee kwenyewe, kiongozi wao Morris Hillquit akawabeza kuwa ni wasoshalisti wa mitaro ya maji taka. Wao wakalipokea jina hilo kama sifa. Hao wa New York walikuwa na nadharia safi, lakini jiji lao hawakuwahi kuliongoza.

Ndugu wawili, na doa moja kubwa

Mwaka 1940 Hoan aliangushwa na kijana wa miaka 32, Carl Zeidler, mchangamfu, mwenye sauti ya kuimba. Carl aliacha umeya mwaka 1942 akajiunga na jeshi la majini, meli yake ikazamishwa karibu na pwani ya Afrika Kusini mwaka huohuo, hakurudi. Mwaka 1948 mdogo wake, Frank Zeidler, akachaguliwa meya. Carl alikuwa mhafidhina, Frank alikuwa msoshalisti. Nyumba moja, siasa mbili. Wale ambao baba zenu ni wa chama kile kingine, msikate tamaa.

Frank alikaa mpaka 1960. Alipanua mipaka ya jiji mpaka eneo lake likakaribia kuwa maradufu, akajenga nyumba za umma. Lakini hapa lazima tuseme ukweli, maana tusipousema tutakuwa tunaimba ngonjera tu.

Wasoshalisti wa Milwaukee walijenga jiji la wafanyakazi, na kwa muda mrefu mfanyakazi waliyemfikiria alikuwa mzungu. Berger aliandika mambo ya kibaguzi kabisa kuhusu watu weusi mwanzoni mwa karne ile. Kufika 1960 weusi walikuwa zaidi ya 60,000 na wengi walibanwa eneo moja la jiji. Frank Zeidler mwenyewe alijaribu kuwatetea, na kwenye uchaguzi wa 1956 wapinzani wake walieneza uvumi kwamba ameweka mabango majimbo ya kusini kuwaita weusi waje Milwaukee. Alishinda, ila alichoka, na mwaka 1960 hakugombea.

Aliyefuata ni Henry Maier wa Democrats, aliyekaa miaka 28, zaidi ya meya mwingine yeyote wa jiji hilo. Na wakati wake alikuwepo mwanamke mmoja ambaye mimi, kama mwanafunzi wa sheria, namchukua kama mwalimu. Vel Phillips alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuhitimu sheria Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1951. Mwaka 1956 akawa mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kwenye baraza la madiwani. Mwaka 1962 alipeleka hoja ya kupiga marufuku ubaguzi kwenye kupangisha na kuuza nyumba. Kura zikawa 18 kwa 1. Hiyo moja ni yake. Akaipeleka tena. Mara nne, 18 kwa 1. Meya Maier hakuiunga mkono. Alisema sheria ya jiji peke yake itawakimbiza wazungu kwenda vitongojini.

Agosti 1967 vijana wa baraza la vijana la NAACP, pamoja na padri James Groppi, wakaanza kuandamana. Walivuka daraja kuingia upande wa kusini wa wazungu, wakapokewa kwa mawe na chupa. Waliandamana usiku 200 mfululizo, kwenye baridi ya Wisconsin. Aprili 1968, baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya nchi nzima, baraza la Milwaukee nalo likapitisha yake. Diwani mmoja ndani na vijana nje. Yeye aliiweka hoja kwenye kumbukumbu za baraza, wao wakaipa miguu.

Tulipo leo

Nitapita haraka. Baada ya Maier alikuja John Norquist, aliyebomoa kipande cha barabara kuu ya juu katikati ya mji. Mwaka 2004 Marvin Pratt alikaimu kwa miezi michache, akiwa mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Tom Barrett akashika mpaka mwisho wa 2021. Aprili 2022 Cavalier Johnson, akiwa na miaka 35, akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa. Kutoka 1846 mpaka 2022.

Johnson alikuta pensheni za wafanyakazi zinalikaba jiji, na fedha za jimbo hazitoshi. Jiji halikuwa na mamlaka ya kujiwekea kodi ya mauzo. Ilibidi Bunge la jimbo, ambalo lilikuwa mikononi mwa Republican, litoe ruhusa mwaka 2023. Ruhusa ilitoka, kodi ya asilimia 2 ikaanza Januari 2024, lakini kwa masharti: wafanyakazi wapya waingie mfuko wa pensheni wa jimbo, idadi ya polisi isipungue, na mengine. Kwa hiyo wale mnaosema meya anaweza kushikwa koo na walio juu yake, mko sahihi. Hata Marekani anashikwa. Lakini Hoan alishikwa koo miaka 24, na maji yalitoka bombani.

Nabaki na mambo matatu

La kwanza. Madaraka madogo ni pale mpiga kura anapotupima. Mama wa sokoni hawezi kutupima kwenye sera ya mambo ya nje. Anaweza kutupima kwenye mtaro unaofurika mbele ya meza yake. Tukishika mtaa mmoja na mtaro ukazibuliwa, tumeongea naye kuliko mikutano kumi.

La pili. Wasoshalisti wa Milwaukee walikufa kama chama kwa sababu walimwegemea mtu. Hoan alipoanguka hakukuwa na kizazi cha pili kilichotosha, na yeye mwenyewe akaishia kuhamia Democrats. Frank Zeidler alikuwa wa mwisho. Sisi tunalalamika madiwani wanahama. Tujiulize pia tunaandaa wangapi nyuma yao. Nani humu amewahi kusoma bajeti ya halmashauri yake mwanzo hadi mwisho? Nani anajua kanuni za kudumu za baraza? Hiyo ndiyo kazi ninayoiomba kwa viongozi: kila kata, vijana wawili wasome nyaraka za halmashauri na waandike kurasa mbili za lugha nyepesi zinazopita mlango kwa mlango.

La tatu, na hili nawaambia hasa kaka zangu. Kabla ya kusema sisi ni chama cha wanyonge, tuangalie ni mnyonge gani hatumwoni. Milwaukee walijenga vizuri, ila kuna watu waliachwa nje ya mlango. Kwetu anaweza kuwa msichana ambaye kila kikao anapewa kazi ya kuandika mahudhurio na kugawa maji. Vel Phillips angeachiwa kazi hiyo, ile kura moja isingekuwepo.

Kikao cha kata kinakuja, na ajenda ya wagombea wa udiwani ipo mezani. Nitakuwepo na nitaomba kuzungumza. Atakayekuwa na hoja ya kunipinga aje nayo, tupambane kwa hoja, kisha tukimaliza twende wote tukagonge milango.